Ngozi ya Mtu Huyo

Moshi, 14 Januari 2024

Mjomba wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Mimi mzima, ila jua la Moshi mwezi huu linachoma hadi mtu anatamani ukungu wa huko kwetu. Mwambie Mama Wilfred kwamba ndizi alizonifungia ziliiva zote siku moja, kwa hiyo bweni zima lilikula na bweni zima linamsalimia. Wilfred naye yuko wapi siku hizi, bado Mafiga huko mjini? Mwambie mdogo wake anamkumbuka.

Naandika barua badala ya kupiga simu, na sababu unaijua. Tangu masikio yako yalipofunga, tukipigiana simu tunabaki kupayuka wote wawili, majirani wanadhani tunagombea shamba. Kwenye barua hupayuki.

Sasa shida yangu. Huu ni mwaka wa mwisho wa kusomea kutengeneza viungo bandia, na karakana imenikabidhi wagonjwa wa kweli. Mmoja ni mama muuza mboga aliyekatwa mguu chini ya goti. Mguu bandia unashikiliwa na mkanda mpana wa ngozi unaokumbatia paja, na ngozi tunayonunua ni ya kiwandani, ile inayoivishwa kwa dawa ya kromu ndani ya siku chache. Ni laini, inapendeza. Lakini jasho linakaa ndani yake, inamchubua, na baada ya mwezi imevutika kama mpira. Nikamwambia mwalimu kwamba mjomba wangu anaivisha ngozi kwa magome, inashika umbo la mtu na haiachii. Akasema tuione.

Kwa kiherehere changu nikajaribu mwenyewe kwanza. Nilipata ngozi ya mbuzi na magome ya miwati, nikaweka magome mengi sana ili iive upesi. Juu ikawa kahawia safi, watu wakanisifu. Nilipoikata, katikati ilikuwa nyeupe, na harufu iliyotoka hapo ilifungua madirisha yote.

Nisaidie, Mjomba. Nakosea wapi?

Mpwa wako,
Scholastika


Matombo, 4 Februari 2024

Mpwa wangu Scholastika,

Milele amina. Marahaba.

Huku tupo. Mama Wilfred anapalilia, magoti yanamlalamikia lakini hayasikilizwi. Wilfred bado Mafiga, ana mtoto wa pili, wa kike, wamemwita Prisca. Nilidhani atakuwa amekwambia. Basi marehemu mama yako amepata wa kumrithi jina.

Barua yako nimeisoma nikicheka hadi Mama Wilfred akaja kuuliza nina nini. Umeishi nyumbani kwangu, umekunywa chai jirani na mashimo yangu matatu kule mtoni, na hukuwahi kujiuliza kwa nini ni matatu? Ulidhani napenda kuchimba?

Sikiliza. Ngozi mbichi ukiitia kwenye maji makali siku ya kwanza, uso wake unashtuka na kujifunga. Ukishafunga, dawa haipiti tena. Nje utaona imeiva, ndani inaoza polepole, na wewe unasifiwa. Shimo la kwanza maji yake ni hafifu, yamechoka, yamekwisha kuivisha ngozi nyingine. Yale yanaingia taratibu bila kuiogopesha. Kisha shimo la pili. Shimo la tatu ndilo kali, na humo ngozi inalala kwa miezi, tabaka la ngozi, tabaka la magome. Siku ya kuitoa unakata ukingo kidogo na kutazama. Ikiwa kahawia imefika katikati bila mstari mweupe, imeiva. Ikiwa kuna mstari, irudishe, hata kama mteja amesimama mlangoni.

Ngozi ya namna hiyo haiwi laini kama ya dukani. Mwanzoni inakuwa na kiburi. Ukiilowesha inakubali umbo lolote utakaloipa, ikikauka imekariri. Kadiri inavyovaliwa inazidi kuwa nyeusi na kuzidi kuwa ya mtu mmoja. Na jasho inalinywa, haiwi kama nailoni.

Nimekutilia ngozi moja ya dume la ng'ombe kutoka Dakawa, nene, haina kovu la kupe. Imetoka kwenye chokaa na nimeiparua manyoya yote. Itakuwa tayari mwezi wa nane. Usinihimize.

Nilipokuwa naponda magome kibanzi kilinichoma unyayoni mguu wa kushoto. Si kitu.

Kingine: soma. Mama yako aliacha uuguzi mwaka wake wa mwisho kuja kumuuguza baba yetu, na darasani hakurudi tena. Mimi ndiye niliyemwandikia barua ya kumwita. Wewe usiache masomo kwa ajili ya mtu yeyote.

Mjomba wako,
Gabrieli


Moshi, 10 Machi 2024

Mjomba wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, na shikamoo kwa Mama Wilfred. Huyo Prisca mdogo namtumia soksi, zimo humu kwenye kifurushi.

Nimeanza upya kwa maji hafifu. Mwalimu ananiona mvivu.

Mjomba, una sukari. Kibanzi unyayoni kwako si kama kwa mtu mwingine. Tafadhali kiangaliwe zahanati, hata kama hakiumi. Hasa kama hakiumi. Hapa karakana wengi wanaokuja hawakugongwa na gari, walianza na malengelenge tu.

Niandikie mguu unaendeleaje. Usiandike kuhusu ngozi kabla ya kuandika kuhusu mguu.

Scholastika


Moshi, 12 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Barua ya mwezi wa tatu hujaijibu. Nasikia mvua zimekata barabara ya kwenu na madaraja mawili yamekwenda, basi najipa moyo kwamba ni barabara. Nimempigia Mama Wilfred mara tatu. Anasema mpo salama, halafu anasema chungu kinaungua, anakata simu. Chungu gani hicho kinachoungua kila ninapopiga?

Niandikie hata mstari mmoja.

Scholastika


Matombo, 2 Juni 2024

Mpwa wangu,

Milele amina. Marahaba.

Tusamehe. Mvua za mwaka huu zimetutenda. Maporomoko yamefunika mgomba wa bibi yako na choo cha jirani, lakini watu wote wapo hai, tumshukuru Mungu. Geofrey wa bodaboda alikuwa hafiki huku kabisa, barua zako zote mbili zimenifikia wiki hii. Prisca mdogo soksi zitamtosha. Nilimbeba nilipokuwa Mafiga mwezi wa nne, ana sauti kubwa. Hata mimi niliisikia.

Ngozi yako inaendelea vizuri. Siku hizi Asia, yule mjane wa jirani, ndiye anayeteremka mtoni kuigeuza. Nimemfundisha na ana mkono mzuri. Anakuja jioni kunionyesha rangi ya maji kwenye kikombe, nami namwambia aongeze magome au aache.

Nina swali. Kuna mtu hapa kijijini amekatwa mguu, wa kushoto, chini ya goti. Mtu mzima wa umri wangu. Anatembelea magongo, na milima yetu unaijua, magongo hayapandi. Anatamani kitu kimoja tu, siku ya Marehemu Wote mwezi wa kumi na moja aende makaburini kwa miguu yake, apalilie kaburi la mtu wake kama afanyavyo kila mwaka. Hataki kubebwa. Ameuliza kama wewe unaweza kumtengenezea mguu kwa vipimo nitakavyokutumia kwa barua, bila yeye kusafiri wala wewe kusumbuka.

Gabrieli


Moshi, 16 Juni 2024

Mjomba wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Nimeisoma barua mara mbili nikitafuta habari za mguu wako, sikuziona.

Kuhusu huyo mtu wa kijijini, mwambie atume vitu viwili nianze kukadiria. Uzi uzungushwe kwenye kigutu, chini ya goti, katikati na karibu na mwisho, na kila mzunguko ufungwe fundo. Pili, auweke mguu wake mzima juu ya karatasi, mtu mwingine auchore kwa kalamu iliyosimama wima. Nahitaji hiyo ili nyayo mbili zilingane.

Unaweza kuniambia alikatwaje? Hilo nalo linasaidia.

Scholastika


Matombo, 7 Julai 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima, baridi imeanza, Mama Wilfred anaota moto tangu saa kumi.

Uzi na karatasi ni hivi hapa.

Umeuliza alikatwaje. Mtu mwenyewe ana sukari, na mguu wake ulikuwa hausikii maumivu. Akapata kidonda unyayoni, kidogo, kinatoa maji. Huyu mtu katika maisha yake ameona magome yakizuia ngozi ya ng'ombe isioze. Akasema moyoni, kama yanazuia ya ng'ombe, yatashindwa na yangu? Kila jioni akawa anakwenda kutia mguu katika shimo la tatu, lile kali. Baada ya siku chache mdomo wa kidonda ukakauka, ukafunga, ukawa mgumu na wa kahawia. Akamwita mkewe aone. Zahanati hakwenda, akaenda afanye nini na mguu umepona?

Kisha homa ikamwangusha. Hospitali ya mjini walilipasua lile gamba, chini yake kulikuwa kumeoza hadi mfupani.

Ajabu ni kwamba mtu huyo aliijua kanuni ya maji hafifu kuliko mtu yeyote wa milima hii. Amewafundisha wengine. Kwenye mguu wake mwenyewe akaisahau.

Anakusalimu.

Gabrieli


Moshi, 20 Julai 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Leo sitaandika habari za huku. Karatasi ya unyayo imefika. Niliitandika juu ya meza ya karakana, na sikuhitaji kuitazama kwa muda mrefu. Kidole cha mwisho kimepanda juu ya mwenzake.

Nilipokuwa mdogo nilipenda kuvaa ndala zako za ngozi kwenda kisimani. Zilikuwa kubwa mno, lakini ndani yake kulikuwa na vishimo vya vidole, na kimoja kilikuwa kimekaa upande, juu ya kingine. Nilikuwa nakitafuta kwa kidole changu huku natembea. Ngozi ile ilikuwa imekukariri. Nami pia, Mjomba.

Nimelia mbele ya wenzangu na mbele ya yule mama muuza mboga. Yeye ndiye aliyenishika mkono.

Sitauliza jina la mtu huyo wa kijijini. Kama ameamua kuitwa mtu, na aitwe mtu. Lakini mfikishie haya. Uzi hautoshi. Nilijua tangu mwanzo kwamba hautatosha, nilimwomba autume kwa sababu nilitaka aanze mahali. Kigutu lazima nikishike, nikione kinapouma na kisipouma, nikipake plasta kwa mikono yangu. Hakuna mguu unaotengenezwa kwa mtu aliyejificha. Mwambie pia kwamba hakuna atakayemcheka, wala hakuna atakayemkumbusha mashimo matatu.

Mwezi wa nane tuna likizo. Naweza kuja na plasta. Ila siji kuvunja mlango wa mtu. Akikubali anionyeshe mguu, niandikie. Akikataa, nitabaki huku, na nitaendelea kumpenda hivyo hivyo.

Scholastika


Matombo, 11 Agosti 2024

Scholastika,

Marahaba.

Nimemfikishia maneno yako. Alikaa nayo wiki nzima, hata chakula alikuwa anakiona adui. Mama Wilfred amemnunia.

Ngozi imeiva. Nimekata ukingo mwenyewe. Kahawia mpaka katikati, hakuna mstari. Asia aliipandisha kutoka mtoni mgongoni, imepakwa mafuta ya mbarika na inakauka kivulini. Njoo uichukue, na mtu huyo umpime.

Geofrey atakuleta mpaka kwenye msalaba wa misheni. Kutoka hapo upande mwenyewe taratibu, njia imeharibika. Zamani nilikuwa nateremka kukupokea. Safari hii siwezi kuteremka.

Mjomba wako


Moshi, 6 Oktoba 2024

Mjomba wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, na shikamoo kwa Mama Wilfred, ambaye natumaini sasa chungu chake hakiungui.

Tangu niondoke huko sijakuandikia kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kazi. Sasa kazi yenyewe imo kwenye boksi hili. Wilfred ataipokea stendi, na keshokutwa akupeleke hospitali ya mkoa. Fundi wa viungo wa pale ananifahamu, atakuvisha na kukaza panapolegea. Usijivishe kabla yake. Najua utataka.

Ngozi yako niliilaza ndani ya maji usiku kucha, asubuhi nikaivuta juu ya plasta ya paja lako na kuisugua kwa mfupa mpaka ikakaa. Wanafunzi wote walikuja kunusa. Mmoja alisema inanuka kama msitu ulionyeshewa. Mwalimu aliipinda, akaikunjua, akaikata kipande pembeni na kutazama katikati yake. Siku ya pili nilimkuta amekiweka mezani kwake, na kipo hapo hadi leo.

Mkanda utakuwa mgumu mwanzoni. Usiukaushe motoni, usiupake mafuta mengi. Siku ya kwanza vaa muda mfupi tu, kisha vua utazame kama ngozi yako imekuwa nyekundu. Siku inayofuata ongeza kidogo. Mguu wako sasa ndio mbichi, na huu mpya ndio maji. Anza na hafifu. Ukienda makaburini siku ya kwanza kwa ubishi wako nitajua, na nitakuja kuuchukua.

Mpalilie mama kwa niaba yangu.

Scholastika


Matombo, 3 Novemba 2024

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu,

Milele amina. Marahaba, marahaba tena.

Huku wote wazima. Mama Wilfred amerudi kuzungumza na mimi, na sasa natamani anune kidogo. Asia ametia ngozi mbili zake mwenyewe shimo la kwanza, nami nimeshateremka kuziona, kwa magongo ya akiba na maneno mengi ya watu. Mashimo yapo vilevile. Nilisimama juu ya lile la tatu kwa muda. Sikulichukia, kosa halikuwa la maji.

Kabla ya lingine, nina neno nawe. Hakukuwa na likizo mwezi wa nane. Mama Wilfred alijua, akaniambia ulipokwisha kuondoka. Ulikosa mtihani wa vitendo ili uje unipake plasta, na sasa utaufanya mwezi wa kwanza, wenzako wakiwa wameshavuka. Nilificha mguu wangu tangu Machi kwa sababu hiyo moja, nisiwe baba yetu, na wewe usiwe mama yako. Nimeficha, na bado imekuwa. Basi nimeona kwamba kuficha hakukukulinda wewe wala mimi, kulifunga juu tu. Mwezi wa kwanza uingie kwenye chumba cha mtihani hata kama utasikia nimekufa. Nakuagiza kama mjomba wako, na ukitaka kunitii katika jambo moja maisha yako yote, liwe hilo.

Sasa habari ya jana.

Nilikwenda. Nilianza asubuhi ili nisipishane na watu, nikapishana nao wote. Padre aliposoma majina nilisimama. La dada yangu liliposomwa Mama Wilfred alinigusa, nami nilikuwa bado nimesimama. Baada ya misa niliteremka makaburini kwa miguu yangu, nikainama kwa shida, nikang'oa majani yote. Niling'oa na kwa niaba yako pia, kama ulivyoagiza. Paja lilichubuka kidogo, usinigombeze, nilivua na kupumzika kama ulivyosema. Mkanda unaanza kulainika mahali pa mfupa. Umeanza kunijua.

Jambo moja lilinisumbua. Kanisani, kila nilipopiga hatua, watu waligeuka kunitazama. Nikadhani ni huruma, na huruma siipendi. Tulipofika nyumbani nikamlalamikia Mama Wilfred. Akachukua ubao wa kuandikia wa mjukuu, akaniandikia kwa chaki: SI HURUMA. MKANDA UNALIA.

Kumbe ngozi mpya inapiga kelele kila nikitembea, kanisa zima linaisikia, isipokuwa mimi mwenye ngozi. Wanataka niipake mafuta inyamaze. Nimekataa. Nimewauliza wote inaliaje, na kila mmoja anasema lake: Wilfred anasema kama mlango, Asia anasema kama bata. Hakuna anayejua kusikiliza ngozi huku.

Fanya mtihani wako, kisha uje. Nitateremka mpaka kwenye msalaba wa misheni kukupokea. Simama pale ufumbe macho, unisikilize nikija, kisha nipande nawe hadi nyumbani, halafu uniandikie inaliaje.

Mtu yule wa kijijini,
mjomba wako Gabrieli